Kinachobaki Kifuani

Kwa mwili alio nao, ng'ombe amepewa mapafu madogo. Farasi wa uzito uleule ana nafasi kubwa zaidi ya kupitishia hewa. Ng'ombe hana akiba hiyo. Mapafu yake yamegawanyika vijichumba vingi vilivyotengwa na kuta imara, na kijichumba kimoja kikiziba, jirani yake hawezi kukipa hewa. Hata akiwa amelala kivulini anacheua, tayari anatumia sehemu kubwa ya uwezo wake wa kupumua. Homa ikimpanda na kifua kikianza kujaa, nafasi iliyobaki huisha upesi, mara nyingi kabla mwenye ng'ombe hajaona tofauti yoyote zaidi ya mnyama kuchelewa nyuma ya kundi.

Kinachomuua si kijidudu peke yake, na mfugaji anayechomoa sindano anapaswa kulijua hili kabla ya yote. Bakteria wakifika kwenye vifuko vya hewa, mwili huvipanua vishipa vya damu na kupeleka seli nyeupe. Vishipa vikipanuka huvuja, na maji yenye protini yakamwagika mahali pa hewa. Protini moja, fibrini, huganda na kuyashikamanisha mapafu na mbavu. Bakteria wa aina ya Mannheimia haemolytica, ambao huwashambulia sana ng'ombe waliosafirishwa au kuchoka, hutoa sumu inayozipasua seli nyeupe za ng'ombe, nazo zikipasuka humwaga vimeng'enya vinavyoila nyama ya pafu. Kwa hiyo unaweza kuwaua bakteria wote leo jioni, na kesho asubuhi ng'ombe akaendelea kuhema, kwa sababu maji, fibrini na uvimbe vingali pale. Tiba ya kifua cha ng'ombe ina kazi mbili, kuua vijidudu na kutuliza uvimbe, na anayefanya moja akaiacha nyingine amefanya nusu.

Ila kabla ya sindano yoyote, lazima ujue unatibu nini. Maduka ya dawa za mifugo yamezoea swali moja tu: "Anakohoa?" Mteja akiitikia, hupewa chupa. Mimi ningetaka kila boma liwe na kipimajoto kabla halijawa na bomba la sindano. Ng'ombe mzima mwenye afya huwa na joto kati ya nyuzi 38 na 39.3 hivi. Mpime alfajiri, kabla jua halijamchoma na kabla hajatembezwa, maana ng'ombe aliyerudi malishoni saa nane mchana anaweza kukupa joto la juu bila ugonjwa wowote. Kisha simama nyuma yake kwa mbali kidogo, utazame ubavu unavyopanda na kushuka, uhesabu kwa dakika nzima. Akiwa ametulia kivulini, pumzi 15 hadi 35 ni kawaida. Pumzi 60 alfajiri ya baridi ni habari nyingine.

Halafu pitisha mkono chini ya sikio na mbele ya bega. Tezi zikiwa zimevimba kama ndimu na homa imefika nyuzi 40 au 41, fikiria kwanza ndigana kali, ugonjwa wa kupe ambao Wamaasai huuita oltikana. Ndigana nayo huishia kifuani, mapafu yakajaa maji na povu likatoka puani, na hapo wengi hudhani ni nimonia. Wanachoma oksitetrasaiklini siku tatu, ng'ombe anakufa siku ya nne, lawama inaangukia dawa. Kimelea cha ndigana si bakteria na ng'ombe aliyekwisha kuugua hapati nafuu kwa dawa hiyo. Anahitaji dawa ya jamii ya buparvakwoni, tena mapema, kabla povu halijaonekana.

Ndama anayekohoa bila homa, anakula, lakini anazidi kukonda baada ya mvua, huenda ana minyoo ya mapafu, na dawa yake ni ya minyoo. Ndama aliyeanza kuhema siku moja baada ya kunyweshwa dawa kwa chupa, huku kichwa chake kimeinuliwa juu na ulimi umeshikwa, ana dawa hiyo mapafuni. Hii ni nimonia tunayoitengeneza kwa mikono yetu, na ni ngumu kupona kuliko nyingi. Usiuinue mdomo wa ndama juu kuliko usawa wa macho yake, mpe kidogo kidogo, na akianza kukohoa mwachie kichwa mara moja. Wapo pia ndama wanaofungiwa usiku kucha katika kibanda kisicho na upenyo, juu ya samadi na mkojo, hewa ikiwasha hata macho ya mtu anayeingia. Hao watachomwa sindano mwaka mzima na hawatapona mpaka ukuta utobolewe na sakafu ikaushwe.

Sasa nije kwenye ugonjwa ulioniandikisha sura hii: homa ya mapafu ya ng'ombe, olkipei kwa Wamaasai. Huu haufanani na nimonia ya ndama. Unaingia polepole. Kati ya siku mnyama alipoambukizwa na siku ya kikohozi cha kwanza zinaweza kupita wiki tatu, na wakati mwingine miezi kadhaa, kwa hiyo ng'ombe uliyemnunua mnadani akiwa mzima wa kupendeza anaweza kuwa ameuleta. Kikohozi huwa kikavu, kifupi, kinachosikika zaidi asubuhi kundi linapoinuliwa. Ugonjwa ukizidi, ng'ombe husimama ametanua viwiko, shingo ameinyoosha mbele, mgongo ameukunja juu, na kila anapotoa pumzi anaguna. Hataki kulala kwa sababu kulala kunambana. Ndama wa chini ya miezi sita wanaweza wasikohoe kabisa, bali wakavimba magoti na kuchechemea, na mfugaji akadhani wamepigwa teke.

Aliyewahi kukipasua kifua cha ng'ombe aliyekufa kwa homa hii hasahau. Kisu kikipita kati ya mbavu, maji ya manjano hutoka kwa wingi, pengine lita 20 au 30, yakielea mabonge ya fibrini. Mara nyingi ni upande mmoja tu ulioharibika. Pafu lenyewe, badala ya kuwa jepesi na la waridi, ni zito na gumu, limegandamana na ubavu hadi linavutwa kwa nguvu, na ukilikata unaona vipande vyekundu, vya kijivu na vya manjano vilivyotenganishwa na mistari mipana myeupe, sawasawa na jiwe la marumaru. Nyama ya namna hiyo haiwezi kupitisha hewa tena, hata ukichoma dawa gani.

Ugonjwa huu umetembea na biashara ya ng'ombe tangu zamani. Mwaka 1852, katika mji wa Hasselt nchini Ubelgiji, daktari Louis Willems alichukua maji ya mapafu ya ng'ombe mgonjwa akayachoma kwenye ncha ya mkia wa ng'ombe wazima. Mikia ilivimba, mingine ikakatika, lakini wengi wa waliopona hawakuugua tena. Wafugaji wa Afrika Magharibi walikuwa na mbinu yao wenyewe ya jinsi hiyo, ya kupachika kipande cha pafu la mgonjwa chini ya ngozi ya juu ya pua. Miaka hiyohiyo ya 1850 mwanzoni, meli kutoka Uholanzi zilishusha madume yaliyoambukizwa huko Afrika Kusini. Ugonjwa ukaangamiza makundi ya Waxhosa, na katika hofu iliyofuata, mwaka 1856 na 1857, wakamsikiliza binti Nongqawuse na kuwachinja ng'ombe waliobaki, njaa ikawaua watu kwa maelfu. Sidhani kuna ugonjwa mwingine wa kifua cha mnyama uliobeba historia nzito hivyo.

Kijidudu chenyewe kilioteshwa maabara Paris mwaka 1898 na Edmond Nocard, Emile Roux na wenzao. Ni maikoplazima, kiumbe kidogo mno kisicho na ukuta wa seli. Na hapo ndipo pesa nyingi za wafugaji hupotelea. Penisilini hufanya kazi kwa kuvuruga ujenzi wa ukuta wa bakteria. Asiye na ukuta hana cha kuvurugwa. Ile sindano nyeupe ya penstrepu inayoaminiwa na kila mtu kwa vidonda na kwato, mbele ya homa ya mapafu sehemu yake ya penisilini haina kazi kabisa. Dawa zinazokigusa kijidudu hiki ni za jamii nyingine: oksitetrasaiklini, tailosini na ndugu zake wapya wa jamii ya makrolaidi, na zile za jamii ya florokwinoloni.

Tuchukue oksitetrasaiklini, kwa sababu ndiyo iliyo mkononi mwa watu. Ile ya asilimia 20, inayokaa mwilini muda mrefu, huchomwa kwa miligramu 20 kwa kila kilo ya uzito, yaani mililita 1 kwa kila kilo 10. Hapo swali linakuwa uzito, na bomani hakuna mizani. Chukua utepe wa fundi cherehani. Zungusha kifua nyuma ya miguu ya mbele, kisha pima urefu kutoka ncha ya bega hadi mfupa wa kikalio. Zidisha mzunguko kwa mzunguko, zidisha kwa urefu, gawanya kwa 10,840. Ng'ombe wa kienyeji mwenye mzunguko wa sentimita 150 na urefu wa sentimita 120 anakupa kilo 249. Huyo anahitaji mililita 25, ndani kabisa ya nyama ya shingo, na kwa kuwa mahali pamoja pasizidi mililita 10, ni matundu matatu. Daktari akiona haja, dozi hurudiwa baada ya saa 72.

Ninachokisikia bomba linapojazwa ni "Mpe kumi." Kumi kwa mtamba, kumi kwa dume, kumi kwa ng'ombe mwenye mimba. Kwa dume la kilo 400, kumi ni robo ya dozi. Homa inashuka siku mbili, dume linaanza kula, chupa iliyobaki inahifadhiwa juu ya dari la bati linalochemka mchana kutwa, na wiki inayofuata dume limelala tena. Vijidudu vilivyosalia ndivyo vilivyoistahimili dawa kuliko vingine. Usugu wa dawa tunaousikia redioni hukuzwa hivyohivyo, bomba kwa bomba. Ni heri ng'ombe mmoja apewe dozi kamili kuliko wanne wagawane chupa.

Kazi ya pili, kutuliza uvimbe, ndiyo inayosahauliwa zaidi, na mimi naihesabu sawa na ya kwanza. Meloksikamu, miligramu 0.5 kwa kilo, mara moja chini ya ngozi pamoja na antibayotiki, hushusha homa na maumivu kiasi cha mnyama kurudi kunywa na kula, na mnyama anayekula ana nguvu ya kupona. Fluniksini hufanya kazi hiyohiyo. Yupo anayependa deksamethasoni kwa kuwa ni rahisi na ng'ombe huchangamka jioni ileile. Uchangamfu huo una gharama: steroidi huipunguza kinga ya mwili wakati inapohitajika kuliko siku zote, na kwa ng'ombe mwenye mimba kubwa inaweza kuitoa. Dawa hiyo mwachie daktari wa mifugo aamue.

Mengine hayanunuliwi. Mgonjwa wa kifua asitembezwe kilomita nane kwenda kisimani, maji yaletwe alipo. Akatiwe majani, apewe kivuli chenye upepo, asikimbizwe na mbwa wala watoto. Maziwa yake yasiuzwe wala kunywewa mpaka siku zilizoandikwa kwenye lebo zipite. Kwa oksitetrasaiklini ya muda mrefu mara nyingi ni siku 7 au zaidi kwa maziwa na karibu wiki nne kwa nyama, ila lebo ya chupa uliyonunua ndiyo ya kufuata. Mama wa boma huligundua kosa la kutosubiri kabla ya maabara: maziwa yenye dawa huwekwa kibuyuni na hayagandi.

Sasa jambo gumu. Shirika la Afya ya Wanyama Duniani haliungi mkono kutibu homa ya mapafu kwa antibayotiki, na sababu yake ni ya kweli. Mwili ukishindwa kuiyeyusha nyama ya pafu iliyokufa, huizungushia ukuta mgumu na kuifungia humo. Ndani ya kifuko hicho maikoplazima huweza kubaki hai miezi mingi. Kwa nje ng'ombe anang'aa, ananenepa, anazaa. Dawa inayosambaa kwa damu haiingii vizuri ndani ya kifuko kisicho na mishipa, kwa hiyo inahofiwa kwamba tiba hupunguza vifo na wakati huohuo huongeza idadi ya wanyama wanaotembea na ugonjwa bila dalili. Njia iliyozisafisha nchi tajiri ilikuwa kuua. Marekani ilimaliza hivyo mwaka 1892. Botswana, ugonjwa ulipoingia Ngamiland mwaka 1995, iliwachinja ng'ombe wapatao 320,000, wote wa eneo hilo, ikawalipa wenyewe.

Botswana ilikuwa na soko la nyama Ulaya la kulilinda na hazina ya kulipia fidia. Mfugaji wa Loliondo, wa Karamoja au wa Mandera hana serikali itakayomlipa kesho asubuhi ng'ombe 80 akiwachinja leo. Kumwambia asitibu, bila kumpa kitu kingine, ni kumwacha peke yake na bomba la sindano, na atalitumia, ila kwa siri na kwa dozi ya kukisia. Naona ni afadhali tuseme wazi jinsi ya kutibu kwa madhara madogo. Jaribio lililochapishwa mwaka 2006 kutoka Namibia lilionyesha kwamba kundi lililotibiwa kwa danofloksasini liliwaambukiza wanyama wazima walioishi nalo kwa kiasi kidogo kuliko kundi lisilotibiwa. Basi tiba si lazima iwe adui wa udhibiti. Adui ni tiba ya ng'ombe mmoja, nusu dozi, kisha kumrudisha kundini au, vibaya zaidi, kumpeleka mnadani akiwa bado na sura ya mzima.

Anayeamua kutibu atibu kama mwenye kundi. Wanaokohoa watengwe kabisa, malisho na maji, maana kijidudu husafiri kwa matone ya pumzi ya mnyama aliye karibu. Waliolala nao zizi moja wahesabiwe kuwa wameambukizwa mpaka ithibitike vinginevyo. Kila aliyechomwa aandikwe, au akatwe alama, na asitoke bomani kwenda kwa mkwe wala kwa mnunuzi. Akikohoa tena baada ya dozi kamili, huyo apelekwe kuchinjwa chini ya macho ya mkaguzi wa nyama. Na afisa mifugo aambiwe mapema. Najua kwa nini haambiwi: karantini hufunga mnada, na mnada ndio ada ya shule. Karantini inayotangazwa bila chanjo wala muda maalumu huwafundisha watu kuficha, na ugonjwa uliofichwa huvuka mpaka usiku.

Ndivyo ulivyorudi Tanzania. Nchi ilikuwa imeutokomeza katikati ya miaka ya 1960, kisha mwaka 1990 ukaingia Loliondo na ng'ombe waliovuka kutoka Kenya, na ndani ya miaka michache ulikuwa umeshuka hadi nyanda za kusini. Wakati huohuo kampeni za kuchanja sotoka, tauni ya ng'ombe, zilikuwa zinafikia mwisho sehemu nyingi za Afrika, na kwa kuwa chanjo ya sotoka na ya homa ya mapafu zilikuwa zikitolewa pamoja, kuisha kwa moja kuliidhoofisha nyingine. Tulifanikiwa kuitokomeza sotoka duniani, ikatangazwa mwaka 2011, na katika ushindi huo tukaisahau homa ya mapafu.

Chanjo yenyewe ina asili ya hapa kwetu. Mbegu yake, T1, ilipatikana Tanganyika mwanzoni mwa miaka ya 1950, ikapitishwa mara 44 katika mayai yenye vifaranga mpaka ikapoa, ndiyo maana inaitwa T1/44, na nchi nyingi za Afrika zinaitegemea. Kinga yake ni ya mwaka mmoja hivi, kwa hiyo kuchanja mara moja na kustarehe ni kujidanganya. Ni chanjo hai, lazima ikae kwenye baridi, na ikishachanganywa itumike palepale, si baada ya kuzungushwa maboma matatu juani. Kwa kuwa ni hai, oksitetrasaiklini huiua. Ng'ombe aliyechomwa dawa siku za karibuni asichanjwe, na aliyechanjwa asichomwe dawa kiholela kwa sababu tu amevimba kidogo pale sindano ilipoingia. Uvimbe ukiwa mkubwa, mwite aliyechanja. Mwaka 2025 Tanzania ilianza kampeni ya kitaifa ambamo ng'ombe wanachanjwa homa hii. Kampeni hiyo itahitaji kurudi kwenye boma lilelile mwaka kwa mwaka, na wafugaji wana haki ya kuuliza itarudi lini.

Wana haki pia ya kuuliza machinjioni. Mkaguzi wa nyama anapopasua pafu akakuta kifuko kigumu chenye nyama iliyokufa, amepata habari ambayo hakuna kipimajoto wala jicho la mchungaji lingeweza kuitoa: kuna kundi mahali fulani ambalo bado linaambukizana. Mara nyingi pafu hilo hutupwa shimoni na habari inaishia hapo, kwa sababu hakuna aliyeandika ng'ombe ametoka boma lipi. Ukimpeleka ng'ombe wako kuchinjwa, au ukimuuza kwa mchinjaji unayemfahamu, mwachie namba yako ya simu na umwombe akupigie mapafu yakifunguliwa. Akikuambia amekuta kifuko, siku hiyohiyo zuia ng'ombe wasitoke bomani na umwite afisa mifugo, hata kama hakuna hata mmoja anayekohoa.